Pembe Kando ya Picha ya Baba

Mume wangu aliiweka ile pembe juu ya kabati la televisheni, kando ya picha ya marehemu baba yangu, kisha akarudi nyuma kidogo kuitazama, mikono kiunoni, kama mtu aliyemaliza kujenga nyumba. Mimi ndiyo kwanza nilikuwa naingia kutoka kazini, theluji viatuni, mkoba bado begani. Niliiona pembe kabla sijamwona yeye. Ilikuwa na matawi manne, rangi yake kama chai iliyokolea maziwa, na pale shinani, mahali ilipokuwa imeshikana na kichwa cha mnyama, palikuwa na damu iliyokauka.

"Umeitoa wapi?"

"Hapo backyard, chini ya ule msonobari. Imeanguka tu yenyewe. Yule mzee jirani ameniambia hawa wanyama huziangusha kila winter. Mtu anaokota tu, hakuna shida. Si iko sawa hapo?"

"Haiko sawa. Itoe."

Akacheka. Mume wangu ana tabia ya kudhani kwamba nikikasirika nataka kubembelezwa. "Nitoe kwa nini?"

Hapo nikakwama. Sababu nilikuwa nayo, tena sababu nzito, lakini haikuwa yangu kuisema. Mwenye sababu alikuwa chumba cha chini akimlaza mwanangu, na wakati wowote angepanda ngazi.

Tulikuwa tukiishi Champlin, Minnesota, katikati ya miaka ya elfu mbili na kumi, kwenye nyumba ambayo nyuma yake kuna miti, na nyuma ya miti kuna Mississippi. Mama alikuja kutoka Taita mwezi wa Novemba kunisaidia baada ya uzazi. Likizo yangu ilipokwisha nikarudi hospitali kule Maplewood, ng'ambo ya pili ya Saint Paul, na mtoto akabaki mikononi mwa bibi yake. Mume wangu alifanya kazi katika ghala zamu ya jioni, isipokuwa siku za mapumziko kama ile ya pembe. Kwa hiyo kila asubuhi hao wawili walibaki nyumba moja, mkwe na mama mkwe, na hilo lilikuwa gumu kuliko baridi.

Kwa watu wa rika la mama, mkwe wa kiume huheshimiwa kwa kukaa naye mbali. Humkazii macho, huli naye meza moja, na ukiwa na la kumwambia unalipitisha kwa mtu mwingine. Nyumbani watu wa kupitishia hawakosekani. Champlin, mimi nikiwa kazini, alikuwepo mmoja tu, naye alikuwa hajaota jino. Basi mama akawa anamtumia mtoto. "Mwambie baba yako uji uko jikoni," angesema, macho usoni pa mtoto. Mume wangu, ambaye kwao Kisii heshima hiyo wanaijua vizuri, angejibu vivyo hivyo kutoka upande wa pili wa mlango: "Mwambie bibi asante." Mwanangu aliwasikiliza wote wawili kwa makini na hakuwahi kukosea ujumbe. Tukiwa peke yetu, mimi na mume wangu tulicheka hadi machozi.

Lakini pembe haikuwa ya kucheka.

Kijiji chetu kiko mlimani, na chini yake ndipo mbuga inapoanza. Baba alikuwa fundi cherehani, mtu mpole ambaye hata kuku wa Krismasi alimwachia mama achinje. Ukutani kwake ilining'inia pembe ya tandala aliyoachiwa na baba yake, naye aliachiwa na baba yake. Ilikuwa ndefu, imejisokota, na ubavuni ina tundu la kupulizia. Mtu akifa, mtoto akipotea, moto ukizuka, baba alitoka mlangoni akaipuliza na mlima mzima ukasikia. Nilikuwa darasa la sita askari wa wanyama walipokuja. Sijui nani aliwaambia, na mama hakutaka kujua. Kwetu ukikutwa na pembe ndani ya nyumba ni kesi, hata kama ilikuwepo kabla hujazaliwa. Mahakamani hakimu alimwuliza baba swali moja ambalo mama hulirudia mpaka leo kwa sauti ya yule hakimu: "Mnyama mwenyewe yuko wapi?"

Baba hakuwa na jibu. Mnyama yule alikufa kabla babu hajaoa. Akanyamaza, na kunyamaza kwake kukachukuliwa kuwa ndiyo kukubali. Alifungwa, akatoka na kifua, akakohoa miaka michache, na mimi nikamaliza sekondari bila baba. Baada ya mazishi mama alitoa amri mbili. Ya kwanza, pembe isiingie tena katika nyumba anayolala yeye. Ya pili, wakwe zake wasijue kamwe kwamba mume wake alikuwa mfungwa. Watu wa Kisii walipokuja kuniposa wakauliza habari za marehemu, waliambiwa alikufa kwa kifua. Haukuwa uongo, ndiyo maana ulidumu.

Basi mama akapanda ngazi, mtoto begani. Alipofika kidato cha juu akasimama. Aliitazama pembe. Kisha akatazama mlango, kisha dirisha, kisha mlango tena. Nilijua anachopima: wataingilia wapi. Mume wangu, kwa heshima, alikuwa ameshageuza uso pembeni, kwa hiyo hakuona chochote. Mama akasema na mtoto, sauti ikiwa sawasawa, "Mwambie baba yako chakula kimeiva." Akageuka, akashuka.

Nilimfuata. Nilimkuta ameketi kitandani amevaa koti lake kubwa, kama yuko kituoni.

"Damu umeiona?" akaniuliza.

"Mama, huku zinaanguka zenyewe. Si kama wanyama wetu. Zinaota, zinaanguka, mwaka unaofuata zinaota nyingine."

"Mwanangu, mimi nimezaliwa ubavuni mwa mbuga. Nimechunga mbuzi na ng'ombe, nimeona swala, nimeona kulungu, nimeona tandala. Sijaona mnyama anayevua pembe kama mtu anavyovua kofia. Ukiona pembe bila kichwa, yupo aliyekufa, na yupo atakayeulizwa."

Alikuwa sahihi kwa kila mnyama aliyemjua. Nikatoa simu, nikamsomea: siku zikiwa fupi nguvu za dume hupungua, mahali pembe ilipoungana na fuvu pakalegea, pembe ikadondoka, leo hii ya kulia na kesho kutwa ya kushoto, na mnyama akaendelea na maisha yake. Mama alinisikiliza hadi mwisho.

"Hiyo simu yako inajua mengi," akasema. "Ilijua baba yako hana hatia?"

Mimi si mtu wa subira. Mama mwenyewe husema nilizaliwa nikigombana na mkunga. Nikamwambia, "Basi niache nimwambie mume wangu ukweli, ataitoa sasa hivi."

"Ukimwambia, kesho nikatie tiketi."

Hakutania. Mama angerudi Taita na mwanangu angebaki bila mlezi, lakini hilo halikuwa ndilo lililonitisha. Nilijua kwamba mama akiondoka nyumbani kwangu kwa aibu, hatakanyaga tena maisha yake yote, na mimi sitakuwa na mahali pa kuweka lawama ila kwa mume wangu. Nilikuwa nimesimama katikati ya watu wawili ninaowapenda, na kila mmoja angeweza kumvunja mwenzake bila kujua.

Kesho yake nikaificha pembe gereji, nyuma ya matairi ya kiangazi. Mume wangu akaitafuta, akaipata, akairudisha. Tulizozana jikoni kwa kunong'ona, jinsi watu wanavyozozana mkwe akiwa chini ya sakafu.

"Wewe una shida gani na hii kitu?"

"Sitaki mifupa ndani ya nyumba yangu."

"Nyumba yetu. Miaka yote hii niko hapa, na-load malori ya watu, hakuna kitu hata kimoja nimewahi kupewa na hii nchi. Hii imeanguka kwangu. Kwangu, kwa backyard yangu. Wacha ikae."

Nilimwelewa, na kumwelewa kulinikera zaidi. Halafu akaniambia kwamba yule mzee jirani amesema zile pembe huwa mbili, na kwamba ya pili haianguki mbali sana na ya kwanza. Siku zake za mapumziko angeitafuta kule kandokando ya mto. Macho yalikuwa yakimng'aa. Nikatamani kumpiga na sufuria.

Kuanzia hapo nyumba ikawa na watu wawili wanaotazama mambo tofauti. Mume wangu alitazama chini, kwenye theluji, akitafuta pembe ya pili. Mama alitazama barabara. Alifunga mapazia ya mbele mchana kweupe. Gari likipunguza mwendo alichukua mtoto akashuka chini. Chakula aliondoa sahani ikiwa nusu. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na mama hakuwa ameona ung'ongo, alikuwa ameona nyoka mwenyewe amewekwa juu ya kabati kando ya picha ya mume wake. Mimi nilikuwa Maplewood, nafunga bandeji za watu, masikio yangu yakiwa Champlin. Nilimpigia simu mama kila nilipopata mwanya. "Tupo," alisema, akakata. Mgonjwa mmoja aliniuliza kama nimefiwa. Nilimjibu vibaya, ikabidi nirudi kumwomba radhi.

Ulipofika mwezi wa Machi jua likatoka kwa mara ya kwanza tangu Krismasi. Theluji ikaanza kudondoka kutoka mapaani, barabara zikawa matope. Siku hiyo mume wangu alikuwa na mapumziko. Nilipopiga simu zamu yangu ikikaribia kwisha mama hakupokea. Nikapiga tena. Nikampigia mume wangu, akasema yuko mtoni anatafuta pembe, na kwamba bibi na mtoto aliwaacha salama salimini. Nikamaliza zamu yangu, nikaendesha gari kutoka Maplewood nikiwatukana madereva wote wa Minnesota, mmoja mmoja.

Mtaani kwetu kulikuwa na gari la polisi limeegeshwa, halina mtu. Mzee jirani alikuwa amesimama mbele ya nyumba yake na koleo la theluji mkononi. Akanipungia mkono. Akanieleza kwamba mtu amemgonga kwa gari mmoja wa hawa kulungu wa huku kule barabara kubwa, mnyama akakimbilia huku kwenye nyumba akichechemea, na askari anamtafuta ammalize asije akateseka. Askari aligonga hata mlango wenu, akasema yule mzee, lakini hakuna aliyefungua.

Sikumngoja amalize. Mlango ulikuwa umefungwa kwa ndani na mnyororo, nikazunguka hadi wa nyuma. Huo ulikuwa wazi. Uji wa mtoto ulikuwa jikoni umeungua, moshi umejaa; nikazima jiko. Kitanda cha mtoto kitupu. Simu ya mama ilikuwa juu ya mto wake. Juu ya kabati la televisheni pembe haikuwepo, na picha ya baba ilikuwa imelazwa kifudifudi. Alikuwa amemfunika macho asione.

Nje, kwenye theluji laini, nyayo za viatu vyangu vya baridi zilielekea mitini. Mama alikuwa amevivaa. Nyayo zilikuwa za kwenda tu.

Nilikimbia. Sijawahi kukimbia hivyo tena na sitaki. Katikati ya miti nikakutana na mume wangu akija kutoka upande wa juu wa mto, mikono mitupu, akipiga mluzi. Aliniona uso, mluzi ukamfia mdomoni. "Mama," nikamwambia. "Na mtoto. Na pembe yako." Hakuuliza. Tukafuata nyayo pamoja hadi ukingoni, na pale ukingoni nyayo hazikusimama.

Mama alikuwa juu ya barafu. Alikuwa mbali kama kutoka mlango wa kanisa hadi madhabahuni, ametugeuzia mgongo, na mbele yake, katikati ya mto, barafu ilikuwa imekwisha na maji meusi yanapita. Ndiko alikokuwa anaenda. Karibu na ukingo barafu ilikuwa bado imefunika, hakukuwa na mahali pa kuizamisha pembe. Alikuwa ameishika kwa mkono wa kulia. Chini ya koti, mgongoni, kulikuwa na kivimbe, na juu ya ukosi kikachungulia kikofia cha njano nilichomvalisha mwanangu asubuhi.

Hakuwa anatembea. Alikuwa amesimama kabisa, miguu imeachana. Nikafungua mdomo kupiga yowe na mume wangu akanikamata mkono.

"Usipige kelele. Atageuka ghafla. Sikiliza."

Nikasikiliza. Barafu ilikuwa inalia chini yake, mlio mwembamba mrefu, kama kitambaa kikichanwa. Nilikulia chini ya cherehani, mlio huo naujua, na ukishaanza hauishii katikati.

"Mwambie alale," mume wangu akaninong'oneza. Jasho lilikuwa linamtoka kwenye baridi ile. "Kifudifudi. Akisimama wima, atazama. Mzee jirani aliniambia. Alale atambae vile amekuja. Mwambie."

Nikamwita mama kwa sauti ya kawaida, ile ya kumwita mtu chakulani. Nikamwambia alale chini kifudifudi, mtoto akiwa mgongoni, atambae arudi kwetu. Mama hakugeuza kichwa. Akauliza, na sauti yake ilitufikia wazi juu ya barafu:

"Mume wako yupo hapo?"

"Yupo, mama."

"Basi siwezi."

Sikuamini masikio yangu. Nilimjua mama, nikaona mara moja anachokiona yeye: mwanamke wa umri wake, mama mkwe, anatambaa kwa tumbo kama mjusi, sketi inapanda, mkwe wake anatazama. Hasira ilinipanda hadi nikaona giza. "Mama! Hapa si mahali pa ukwe! Una mwanangu mgongoni!"

Barafu ikalia tena. Mama hakusogea. Na mimi, Mungu anisamehe, wakati ule nilimchukia.

Mume wangu akaniachia mkono. Nilidhani anataka kuingia barafuni, na kwa uzito wake angewazamisha wote. Hakuingia. Aligeuka. Aliupa mto mgongo, akatazama miti, akavua kofia yake ya sufi akaivuta usoni hadi kidevuni. Kisha kwa mara ya kwanza tangu mama yangu aingie nyumbani kwake, alisema naye bila kumpitishia mtu.

"Mama, nimegeuka. Nimefunika macho. Sioni kitu. Njoo."

Nimeshaishi na mtu huyu miaka mingi na tumeshakosana kwa mengi, mengine hayajaisha mpaka leo. Lakini siku ile mtoto wake wa pekee alikuwa juu ya barafu inayopasuka, na yeye alisimama amempa mgongo, kwa sababu hiyo ndiyo iliyokuwa njia pekee ya mtoto kurudi. Tangu siku hiyo nikimkasirikia huwa naanzia mbali, hasira ikachelewa kumfikia.

Mama akapiga magoti. Polepole akalala. Akageuka kwa tumbo na uso wake ukatuelekea, na akaanza kuja. Barafu ilikuwa na maji juu, koti likalowa mara moja likawa zito. Alikuwa anaichomeka ile pembe barafuni, ncha zake zinashika, anajivuta, anaichomoa, anaichomeka tena mbele.

"Amefika wapi?" mume wangu aliuliza kutoka ndani ya kofia.

"Anakuja."

"Mtoto analia?"

"Halii."

Hakuuliza tena. Mimi pia nilikuwa nimeshaona kwamba halii, na kikofia cha njano kimelala upande mmoja.

Ukingoni jua lilikuwa limeyeyusha barafu, kukawa na mfereji wa maji ya kijivu kati yetu na yeye. Hapo mama alikwama. Nikalala kifudifudi kwenye matope na theluji, nikanyoosha mikono, haikufika. Mama akanitazama, kisha akainyoosha pembe. Nikashika matawi mawili. Sikuwa nimegusa pembe tangu siku ile askari walipoitoa ukutani kwetu. Nikavuta. Ukingo wa barafu ukavunjika chini ya magoti yake, akatumbukia hadi mapajani, nikasikia mwenyewe napiga ukelele. Nikaona mabega ya mume wangu yakiruka. Nikaona ngumi zake. Hakugeuka. Nikavuta kwa nguvu ambazo sijui zilitoka wapi, pembe haikukatika, na mama akapanda juu yangu na matope yake na maji yake, nikamkamata mwanangu kwa koti.

Alikuwa amelala usingizi. Joto la mgongo wa bibi yake lilikuwa limemlevya, muda wote ule, akikoroma kidogo.

Mama alisimama akitetemeka. Alishusha sketi, akakaza leso kiunoni, akapangusa uso. Kisha akamtazama mtoto mikononi mwangu na kusema, meno yakigongana:

"Mwambie baba yako ageuke."

Nyumbani nilimvua nguo, nikamkanda miguu kwa maji ya vuguvugu, nikamfunika kila blanketi tulilokuwa nalo. Nilimfokea wakati wote. Yeye alikuwa anaangalia ukuta. Akanieleza alivyochungulia pazia, akamwona mtu wa sare ya kahawia anaongea na mzee jirani, na yule mtu akaweka vidole viwili juu ya kichwa chake, hivi, vya pembe, kisha wote wawili wakatazama mlango wetu. "Akaja akagonga," mama akasema. "Mimi nikaona, hii ikikutwa, watamchukua mume wako. Na mtoto huyu atakua kama ulivyokua wewe."

Nikaacha kumfokea.

Alipopata joto alivaa, akafunga kilemba, akanyanyuka. Nilidhani anakwenda kufungasha. Alipanda ngazi, mimi nyuma yake. Mume wangu alikuwa jikoni anasugua ile sufuria iliyoungua. Akataka kutoka kumpisha. Mama akaketi kwenye kochi la sebuleni, upande wa mbali, amempa bega, akampakata mtoto mapajani.

"Mwambie baba yako asiondoke," akasema. "Mwambie babu yako hakufa kwa kifua peke yake."

Akasimulia yote, kwa mtoto. Pembe ya tandala, askari, mahakama, gereza, kikohozi. Aliiga sauti ya hakimu: mnyama mwenyewe yuko wapi. Mwanangu alikuwa anajaribu kushika ncha ya kilemba chake. Mume wangu alisimama na sufuria mkononi, maji yanadondoka sakafuni, hakusogea hadi mwisho. Kisha akajibu, naye kwa mtoto.

"Mwambie bibi yako nimesikia. Mwambie pole sana. Mwambie marehemu mzee wake hakunipa aibu yoyote, na kama angekuwa hai ningemwita baba." Akaweka sufuria chini. "Mwambie pembe naenda kuitupa saa hii."

"Mwambie asitoke," mama akajibu haraka. "Wale askari huenda bado wako huko nje."

Alikuwa bado anaogopa. Tulimweleza habari za kulungu aliyegongwa, akaitikia kwa kichwa kama anavyoitikia mahubiri ya kanisa lisilo lake. Pembe ilibaki pale kwenye ngazi ya mlango wa nyuma, imelowa, na hakuna aliyeigusa.

Siku chache baadaye, asubuhi, nilikuwa jikoni nafunga mkoba wa kazini. Mama alikuwa dirishani na mtoto. Mume wangu alikuwa sebuleni anatafuta soksi. Kulungu walikuwa wametoka mitini kula mbegu ambazo mzee jirani huwawekea ndege, majike matatu na nyuma yao mmoja mkubwa, kifua kipana, shingo nene ya dume. Kichwani hakuwa na kitu. Mahali pa pembe palikuwa na vidonda viwili vya mviringo, kimoja kimekauka, kingine bado chekundu. Alikuwa anatafuna taratibu na kutikisa masikio.

Mama aliacha kumbembeleza mtoto. Akasogea hadi pumzi yake ikaweka ukungu kwenye kioo, akaufuta kwa kiganja, akatazama tena. Nilitaka kusema neno nikajizuia, jambo ambalo kwangu si dogo.

"Yuko hai," akasema.

"Yuko hai, mama."

"Hata haumwi."

"Haumwi."

Akamwinua mtoto akamtazama usoni. "Mwambie baba yako aje hapa. Mwambie aje na babu yako."

Mume wangu alisikia. Alikuja na soksi moja mguuni, na ile picha ameishika kwa mikono yote miwili. Alimpa mama bila kumtazama, akasimama nyuma yake, karibu kuliko alivyowahi kusimama. Mama alinipa mtoto. Akaipangusa picha kwa leso, akaigeuza, akaiweka kwenye kioo, uso wa baba ukitazama nje. Kulungu yule hakuwa tandala. Na yule hakimu pengine alishakufa, au anakunywa chai yake mahali akiwa mstaafu, na hakuna ambaye angemrudishia swali lake. Nilijua hayo yote na nikayaacha.

"Ulinyamaza," mama akamwambia baba. "Tazama sasa. Mnyama mwenyewe yule pale."